Mgonjwa Namba Elfu Tano

Haki ya Mungu, hapa sitii chumvi hata punje.

Binti yangu, fundi wa kompyuta za hospitali, aliniita ofisini kwake, mimi mstaafu wa kazi hiyohiyo. Mama mmoja, mgonjwa namba elfu tano, alizuiwa kuingia chumba cha upasuaji kwa kuwa mfumo ulisema hayupo.

Nikaisoma programu kwenye skrini, nikauona uozo mara moja. Mashine ya kwanza ilitunza namba zilizo chini ya elfu tano, ya pili zilizozidi elfu tano. Yeye hakuwa na kwao.

"Ptuu!" Nikatema mate kwenye leso. "Kinyaa kitupu! Aliyeandika uchafu huu akampigie yule mama magoti."

"Baba, hebu soma hapo juu."

Jina langu.

"Basi rekebisha," nikanong'ona.

"Narekebisha. Wewe nenda."

Nilimkuta yule mama kwenye benchi, gauni la upasuaji limefungwa kinyume. Nikaanza na goti lisiloniuma.