Sauti Aliyoichagua

Binti alikwisha kuvaa sare, lakini tableti inayomsemea aliiacha mezani makusudi. Kila ilipozimwa, sauti ya kitoto aliyoichagua ilipotea, na ile sauti ya zee iliyokuja nayo kutoka kiwandani ikarudi kunguruma. Darasani walimwita Babu. Wiki nzima hakuwa amesema neno.

"Dada, mambo ya programu ni ya wenye shahada," fundi wa tableti alimwambia mama yake kwenye simu. "Mchagulie upya kila asubuhi, yaishe. Ukiigusa utaiua."

"Nikiiua nitaizika mwenyewe," mama alijibu, akakata.

Programu ilikuwa ya bure, na msimbo wake, yale maagizo yanayoiendesha, ulikuwa wazi kwa yeyote. Mama, aliyejifunza kwenye masomo ya jioni, aliusoma polepole, kidole juu ya kioo cha kompyuta, mstari kwa mstari.

Kidole kikasimama. Hapa, kila ilipowashwa, programu iliiandika sauti ya kiwandani kwenye kumbukumbu, juu ya ile iliyochaguliwa, halafu, mstari wa chini yake, ndipo ilipokwenda kuitafuta sauti ya binti. Inafuta kwanza, kisha inatafuta.

"Kumbe ni wewe," aliuambia ule mstari, akaufuta bila kumwomba mtu ruhusa.

Akairudisha programu kwenye tableti, akaichagua tena sauti ya kitoto, akaizima tableti, akaiwasha. Binti alisogea shingo upande, akabonyeza picha mbili.

"Zima tena," ilisema sauti nyembamba ya kitoto.

Mama akazima. Akawasha.

Binti akabonyeza upesi upesi, safari hii bila hata kumtazama mama.

"Mkoba wangu uko wapi?" iliuliza sauti ile ile ya kitoto. "Tunachelewa."