Pindo la Msuli

Sebuleni kwa Mwanabaraka, Temeke, majirani walijaa hadi mlangoni kutazama televisheni. Inspekta wa tamthilia akafichua kwamba marehemu alivalishwa viatu na aliyemuua.

"Mie nilishajua!" akacheka shemeji yake Mwanabaraka, ndugu wa marehemu mumewe. Eda ilikuwa imekwisha, naye alikuja kupokea jibu la posa.

Mwanabaraka hakucheka. Mumewe alipoopolewa kisimani, pindo la msuli wake lilikuwa limechomekwa kushoto. Siku zote alichomeka kulia. Tangu hapo pindo lile lilimjia kila alipofumba macho.

Picha ikaingia chenga. Shemeji akainuka kugeuza antena, msuli ukamlegea. Akaukaza, akachomeka pindo kushoto.

"Haya, shemeji, jibu langu?"

"Kaa kwanza," alisema Mwanabaraka. "Nyie wa mlangoni, fungeni."