Ukuta Ndani ya Diski

"Mafahali wawili hukaa zizi moja vizuri tu, bora anayejenga ukuta ajue kazi yake," alisema Nasipwondi bila kuinua macho kutoka kwenye kioo cha kompyuta.

Billy hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha fundi, karibu mno, akiukodolea macho mstari wa kijani uliokuwa ukitambaa kama konokono. Asilimia kumi na mbili.

"Na picha zangu?"

"Naigawa diski mara mbili, kila upande na mfumo wake: Windows inakaa huku, Linux inakaa kule. Ukiwasha, unachagua unaingia mlango gani. Mtu akitaka kuchungulia, unamfungulia ule msafi."

"Nimeuliza picha, fundi."

"Kwani huna nakala kwingine? Kwa fleshi? Kwa simu?"

"Simu ilijaa, nikazihamisha zote humu."

"Hata mtandaoni?"

"Mimi si mjinga. Kitu cha mtandaoni ni cha kila mtu." Akaigonga meza kwa kidole. "Ziko hapa tu. Zikipotea, hiki kibanda nitakigeuza kuni."

Nasipwondi alimwamini, kwa yote mawili. Billy alijulikana kote mtaani Kawangware 56: mpiga picha wa wasichana waliotaka kuwa wanamitindo, mtu wa maneno laini na mkono mzito. Na kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati na mbao nyepesi. Teke moja lingetosha.

Lakini kilichomkausha mate fundi kwa sasa kilikuwa stima. Betri ya kompyuta ile ilikufa zamani. Uhai wake wote ulikuwa kwenye waya mmoja, na waya huo aliuchangia na salooni ya jirani yake Akoth, iliyokuwa nyuma ya ukuta wa ubao.

"Fundi!" Akoth aliita kutoka upande wa pili. "Naweka draya!"

"Akoth wangu, ngoja kidogo! Ukiiweka, stima itaruka!"

"Ningoje nini? Mteja anachuruzika maji kama bata!"

"Mtoe nje akaushwe na jua."

"Jua la nani?" Mteja mwenyewe alidakia. "Niko na harusi hapo mtaa wa Kongo, na bwana harusi ni wangu!"

Salooni nzima ikaangua kicheko.

"Kwani hii stima ni ya babako, fundi?" Akoth akauliza.

"Ingekuwa ya babangu ningekubembeleza?"

Kicheko tena. Draya haikuwashwa. Mstari ukafika asilimia arobaini.

Billy alivuta stuli, akaketi, akatoa simu. Kuketi kulimrudishia maringo yake.

"Kuna mrembo wangu mmoja wa mtaa wa Silanga, Joan. Ndiye alinielekeza kwako. Aliniandikia kwamba unajua kazi na huna maswali mengi." Akaiweka simu sikioni, akangoja, akaishusha. "Ona. Kupokea simu hataki, lakini ujumbe anajibu mbio. Wakiogopa wanakuwa na adabu sana."

"Wanaogopa nini?"

"Si niliambiwa huna maswali?"

Nasipwondi alirudisha macho kwenye mstari.

Asilimia sitini na tano.

Balbu juu yao ikafifia, ikawa nyekundu kama kaa linalozimika. Billy akaruka wima. Nasipwondi aliweka kiganja juu ya kompyuta jinsi mama anavyompapasa mtoto mwenye homa.

"Bado," alinong'ona. "Tafadhali, bado."

Balbu ikarudisha mwanga wake. Mstari ulikuwa bado unatambaa.

"Na kama ingezima?" Sauti ya Billy ilikuwa imekauka.

"Ikizima katikati, kazi yangu yote ni bure. Keti."

"Fundi!" Akoth tena. "Harusi ya watu inaharibika huku! Nahesabu mpaka kumi!"

Nasipwondi alikimbilia mlangoni, akachungulia salooni. Wanawake watano walimgeukia, mmoja taulo kichwani na uso wa vita.

"Akoth, nakuomba kama dada. Nitakufulia taulo zako wiki nzima."

Akoth alikuwa na waya wa draya mkononi. Alimtazama jirani yake vizuri, akaona jasho kwenye mdomo wa juu, akaona macho. Kicheko kikamwisha.

"Nani huyo ndani?" akauliza polepole.

"Mteja."

Akoth aliangusha waya kwenye kochi. "Maliza," alisema. "Tuko hapa."

Fundi aliporudi, Billy alikuwa ameinamia kioo, pua karibu igusane nacho. Tisini na mbili. Tisini na saba. Tisini na tisa ilikaa pale muda mrefu, kama mgeni asiyetaka kuaga.

Mia.

Nasipwondi aliinuka. Akagonga ukuta wa ubao. "Akoth! Washa draya yako sasa!"

Draya ikanguruma. Balbu ikafifia, ikashindwa kabisa, ikazima. Kompyuta nayo ikazima.

"Usijali, imeshamaliza," alisema fundi. Akaenda nje, akairudisha swichi. "Iwashe mwenyewe."

Billy alibonyeza kitufe, akitabasamu kwa mara ya kwanza. Kioo kikawaka, kikabaki cheusi. Mstari mmoja wa maandishi meupe ulisema kwamba humo hamna kitu cha kuwasha. Alibonyeza tena. Cheusi. Akabonyeza tena kwa ngumi.

"Umeharibu!" alifoka. "Umeharibu kazi ya miaka! Piga magoti uniombe msamaha, halafu uanze kuzitafuta picha zangu moja moja!"

Nasipwondi alibaki wima.

"Ule mstari haukuwa unagawa diski, Billy, ulikuwa unafuta kila picha unayowatishia nayo wasichana. Joan hapokei simu zako kwa sababu simu yake ninayo mimi, dada yake, na ujumbe uliokuleta hapa niliuandika mimi. Msamaha siombi."