Sindano ya Saa Tatu

Nesi alikuwa ameanza kusukuma kitanda cha binti yangu kuelekea chumba cha upasuaji, ndipo nikaitazama saa yangu ya mkononi. Yangu ilisema saa mbili kasorobo. Ya ukutani ilisema saa tatu kasorobo.

Nikaushika ukingo wa kitanda.

"Hebu simama kwanza, mwanangu," nikamwambia nesi. "Ile sindano ya kukomaza mayai yake ya uzazi nilimchoma juzi usiku nyumbani kwangu, upande wa Queensland. Saa tatu mliyoniandikia niliisoma kwenye saa ya jikoni kwangu."

Sisi wa mpakani mwa majimbo, wakati wa kiangazi ukivuka barabara tu kuja huku, saa inaruka mbele saa nzima. Hospitali iko upande huu, mimi nakaa upande ule.

Bronwyn akainuka kwa viwiko, kofia ya karatasi imemteremka hadi kwenye nyusi. "Mama! Miaka arobaini unaishi pale!"

"Na wewe umezaliwa pale pale! Si ulifumba macho, unaogopa sindano?"

"Mara iliyopita yalitoka mayai kumi na moja, yaliyokomaa mawili. Mawili, Mama! Na leo umeyapunja saa nzima?"

Nesi akahesabu kwa vidole. "Ikifika saa tatu yatakuwa na saa thelathini na tano tangu sindano. Yanataka thelathini na sita. Tungeyatoa machanga." Akakimbia kumwita daktari.

Bronwyn akanigeuzia mgongo. Nikamfunga kamba za gauni zilizolegea. Hakunizuia.

Daktari akaja na glavu mikononi. Akaitazama saa ya ukutani kwa muda, akavua glavu moja, akavua ya pili, akavuta kiti akaketi kuingoja saa nne.