Jua Likigusa Jiwe

"Vuta, mwanamke! Au umekunywa maji matupu asubuhi hii?"

Nuala akavuta. Dada yake Dymphna alikuwa amekaa juu ya gunia kama mzigo wa viazi, nyonga zake zote mbili hazifai kitu, na njia ya kuingilia kaburi la kale la mawe, lililo kama pango kilimani, ni nyembamba, hata mzima huingia kwa magoti. Miaka tisa waliishi hivyo, tangu macho ya Nuala yalipofifia mpaka yakazima: mmoja miguu, mwingine macho. Na mdomo, huo ulikuwa wa Dymphna.

"Polepole! Mimi si kondoo wa Malachy."

"Kondoo wa Malachy wangekuwa wepesi, dada."

Katika ukoo wao hakuna ndoa isiyoulizwa kwenye jiwe. Machi na Septemba, mchana na usiku vinapolingana, jua likichomoza huingia kaburini moja kwa moja mpaka jiwe la nyuma, lile lililochongwa maua na watu wa zamani za zamani. Likiligusa, jibu ni ndiyo. Mawingu yakilizuia, ni hapana. Na posa ina subira ya mara tatu tu. Baada ya hapo mwanamume aende zake.

Malachy, mfuga kondoo, miaka sabini na miwili na hajawahi kuoa, alimposa Nuala. Machi iliyopita mvua ilinyesha. Septemba ukungu. Dymphna hakuhitaji hata kudanganya. Alishukuru Mungu tu. Maana Nuala akiolewa, nani atamwogesha? Nani atamwashia moto, amkatie mkate, amtoe kitandani?

Leo ilikuwa mara ya tatu. Malachy aliwaleta kwa trekta, akabaki langoni chini ya kilima. Mposaji haruhusiwi kusogea wala kutoa sauti mpaka ajibiwe.

Penye chumba cha ndani, Nuala aliinama chini ya jiwe linaloning'inia kabla hajaambiwa.

"Leo umelikumbuka," Dymphna akasema.

"Limeshanigonga vya kutosha."

Akakaa, akaweka sawa miwani yake myeusi. Ililetwa kutoka Dublin, alikokaa wiki tatu kwa mpwa wao kabla ya Kwaresima. Alirudi na miwani na keki. Dymphna alikula keki, hakuuliza kitu.

Wakangoja. Baridi ya mawe ikawapanda mgongoni.

Halafu likaja. Uzi mwembamba wa dhahabu kwanza, kisha upana wa kiganja, ukatambaa sakafuni, ukapanda jiwe la nyuma, ukawasha ua moja, ua la pili, mpaka jiwe zima likawaka kama mkate unaotoka tanurini.

"Enhe?" Nuala akauliza. "Limekuja?"

Dymphna alilitazama jua. Akawaza juu ya kitanda chake, na nani atamtoa.

"Mawingu, mdogo wangu. Mazito kama blanketi."

"Mbona nasikia joto shavuni?"

"Pumzi yangu hiyo."

"Una hakika, dada?"

"Nikudanganye mimi, niliyekulea? Maria Mtakatifu anaona! Mungu hataki, Nuala. Pengine ni heri. Mzee mwenyewe ananuka sufu iliyoloa."

Nuala aliuelekeza uso wake kwenye jiwe.

"Basi," akasema. "Kama ni mawingu, ni mawingu. Ngoja nikamjibu, asisimame bure kwenye baridi."

"Utaanguka! Nivute kwanza, nikuongoze."

"Nitapapasa ukuta. Wewe pumzika, umefanya kazi kubwa."

Akatoka kwa magoti. Dymphna akatabasamu, akaegemea jiwe lililokuwa bado la moto, akapanga mambo: leo supu, kesho kuoga. Ikapita dakika moja, mbili. Akaanza kusikia baridi makalioni.

"Nuala! Njoo univute!"

Akajikokota kwa viwiko mpaka akaona nje. Nuala alikuwa anateremka. Alipofika penye dimbwi akainua sketi, akaliruka. Akapinda kulia kukwepa kinyesi cha kondoo. Kule langoni, Malachy akavua kofia, akaiinua juu bila kutoa sauti. Na Nuala, miwani ya Dublin mkononi, akampungia, akapanda trekta bila kushikwa, wakaondoka.