Mikono ya Mke wa Mchoraji

Mikono ya mkewe ilipasuka tena Jumatatu, na mchoraji ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona.

"Lete hapa," alisema, mke hata kofia ya shambani hajaivua.

Akamketisha dirishani, akaishika ile mikono, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa jioni. Nyufa tatu mpya, mmoja ukivuja damu kwenye kiungo cha kidole gumba.

"Zimebaki siku nne tu," mkewe alisema. "Itapona kweli?"

"Itapona. Tulia hivyohivyo kwanza."

Akachukua karatasi na mkaa, akachora. Alichora kila jioni. Alipomaliza, alimwosha kwa maji ya uvuguvugu, akampaka mafuta aliyoyachanganya mwenyewe, kidole kwa kidole, kisha akamfunga vitambaa safi.

"Yanachoma, mume wangu."

"Dawa isiyochoma si dawa."

Majira ya joto ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Mizabibu ilikuwa imemaliza kuchanua, na vichala vilikuwa na punje ndogo kama mtama. Huo ndio wakati wa kubebesha: kukata kikonyo kibichi, kukichonga kama ncha ya penseli, na kukichomeka kwenye shina la mzabibu mwingine bila kukichubua. Msimamizi wa shamba alitaka mtu mmoja wa kazi hiyo, na angemchagua Ijumaa. Ilikuwa kazi ya kudumu, ya kukaa kivulini. Vibarua wengine wote wangeachishwa mavuno yakiisha. Kila mtu shambani alijua nani mwenye jicho na subira ya kazi ile. Kilichobaki ni mikono.

"Ile dawa ya ukungu ndiyo iliyotula," walisema wanawake aliokuwa akipunguza nao majani. "Lakini tumeacha kunyunyizia wiki ya tatu sasa, na sisi tumepona. Wewe ngozi yako ya yai?"

"Sijui, jamani."

"Mwacheni, ana mume huyo! Wangu hata mgongo hajui kunikuna. Wa mwenzetu anamwosha kama mtoto mchanga."

Wakacheka. Na yeye akacheka, akaficha vitambaa vyake ndani ya mikono ya gauni, kwa aibu na kwa fahari pia.

Ijumaa msimamizi alimpa kisu na vikonyo kumi. Cha kwanza kikaingia kama kidole kwenye pete. Cha pili vilevile. Wanawake wakaanza kunong'ona kwa furaha. Kwenye cha tatu ufa wa kidole gumba ulifunguka, kisu kikateleza kwenye damu, kikaanguka. Akakiokota. Kikaanguka tena.

Msimamizi alikifuta kwenye suruali yake, akamkabidhi mwanamke aliyefuata.

"Dada, macho yako ni ya fundi hasa. Lakini kwa mikono hii utaniulia miche. Jaribu mwakani."

"Mwakani nitakuwa wapi, bosi?"

Msimamizi alikuwa ameshageuka.

Aliporudi nyumbani alikuta mgeni, mama mmoja mwenye jumba la sanaa mjini. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta uliobandikwa picha tano, na hakugeuka hata mlango ulipolia.

"Wachoraji wa huku wote wananiletea zabibu na machweo," mgeni alisema. "Nimechoka nazo. Wewe haya unayatoa wapi?"

"Siendi mbali, mama. Nachora kinachokaa nami mezani kila siku."

"Nazichukua zote. Na nataka nyingine saba kabla ya mavuno. Ila ziwe hivihivi, zenye maumivu. Mkono mzima hauna la kuniambia. Na usinibunie, nitajua."

"Mimi sibuni," mchoraji alisema.

Gari la mgeni lilipokwisha kuondoka, mke aliketi kwenye kiti cha dirishani. Hakuhitaji kusema kitu. Vitambaa vilikuwa vyekundu.

"Nimeikosa," alisema hata hivyo.

Mchoraji alipiga magoti mbele yake, akavifungua vile vitambaa taratibu, akambusu kiganja.

"Usilie. Nipo. Nitakutunza mpaka ipone, hata ikichukua majira yote."

"Bila wewe ningekuwa nani mimi?" mkewe alisema, akaegemeza kichwa begani kwake.

Alimwacha alie mpaka akatulia. Kisha akaingia stoo kuchanganya mafuta mapya. Akatia kijiko kimoja cha chokaa, kama siku zote. Akazifikiria zile picha saba.

Akatia cha pili.