Swali la Mwalimu Sirili

Mwalimu Sirili aliinua kata ya mbege, ile pombe ya ndizi, akaifikisha mdomoni, akaishusha bila kuionja. Uani watu wakaguna. Uru yote inajua kwamba baba wa binti akinywa mbege ya wageni amekubali, na asipokunywa, wageni watarudi kwao na pipa lao.

"Kwanza swali," alisema Mwalimu.

Mzee Fabian, mshenga wa upande wa kijana, alikuwa amepanda basi tangu alfajiri kutoka Mkuu na koo lilikuwa limemkauka. "Meku, mzee mwenzangu, si unywe kwanza, halafu ndiyo uulize?"

"Nikishakunywa nitauliza ya nini?"

Watu walicheka, maana swali lenyewe walilijua. Mwalimu alifundisha Kiingereza miaka thelathini na miwili, na kustaafu hakukumtoa chaki vidoleni. Kila aliyekuja kumposa Lukresia, kitinda mimba wake, aliulizwa jambo lile lile: kitenzi cha Kiingereza "worry" kimetoka wapi, na kimepitia maana zipi hadi kufika hapa kilipo? "Simtoi mwanangu kwa mtu anayetumia maneno asiyoyajua kwao," alikuwa akisema. Majirani walimwona ni msomi mno, au ana kichaa kidogo, au vyote viwili.

Wawili walishashindwa. Wa kwanza alijibu kwamba kitenzi hicho kimetoka Uingereza, akapewa mkungu wa ndizi na kusindikizwa hadi barabarani. Wa pili, Theodory, karani wa benki mwenye tai, alipewa wiki tatu. Akashinda kwenye maktaba ya shule aliyofundisha Mwalimu, akiinamia kamusi kubwa ya historia ya maneno, ambayo mlima mzima ilikuwa hiyo moja. Akarudi amekonda.

"Nimeipekua jani kwa jani, Mwalimu. Neno lenyewe sikulikuta."

"Ndiyo tofauti ya kupekua na kusoma," Mwalimu alimjibu, na ile tai haikuonekana tena Uru.

Sasa ilikuwa zamu ya Thadeus. Mwaka ulikuwa 1989, mitumba imemwagika Kiboriloni, na Thadeus, kijana wa Mkuu, alikuwa na meza yake pale sokoni. Shule aliishia darasa la saba. Kiingereza chake chote alikisoma kwenye lebo za makoti. Lakini alikuwa mchapakazi na mcheshi, na Lukresia alimpenda hadi akawa anaunguza maharage, yeye ambaye tangu mama yake afariki ndiye aliyeishika nyumba ile: apike, afue, apige pasi makoti ya baba, apanguse vumbi kwenye vitabu vyake. Shangazi zake walishaandaa leso za kumfuta machozi.

Thadeus akasimama. "Shikamoo tena, Mwalimu."

"Marahaba. Haya, jibu."

"Zamani sana, miaka zaidi ya elfu iliyopita, maana yake ilikuwa kunyonga. Umkabe mtu koo mpaka afe."

Mwalimu alikuwa akitabasamu. Akaacha.

"Baadaye wakalipeleka kwa mbwa na mbwa mwitu, kumrukia kondoo na kumng'ata shingoni. Halafu wakalirudisha kwa watu, ikawa kumwandama mwenzio, usimwache apumue. Halafu likawa jambo tu, si mtu, linakusumbua moyoni. Mwisho kabisa, juzi juzi tu, karne iliyopita, ikawa mtu anajisumbua mwenyewe. Amekaa kwenye kiti chake, hakuna aliyemgusa, na bado anakabwa."

Kuku mmoja alilia nyuma ya zizi. Mzee Fabian alimkodolea macho mpwa wake kana kwamba amebadilishiwa njiani.

"Na hilo neno la kale," Mwalimu aliuliza, sauti imeshuka, "lilikuwa lipi?"

"Wyrgan," alisema Thadeus, akilisukuma herufi kwa herufi, mwishowe akafuta jasho.

Mlangoni mwa jiko, Lukresia alikuwa akipepeta mchele ambao ulishapepetwa. Hakuinua uso.

"Nipeni dakika moja," alisema Mwalimu. Akaingia chumbani kwake na kutia komeo.

Dakika ikawa kumi. Uani wakaanza kubishana. Shangazi mmoja alisema mzee anatafuta swali la pili, mwingine akasema amekasirika, mwuza mitumba kamfundisha kazi. Mzee Fabian aliligusa pipa la mbege kwa huzuni, akipima moyoni ugumu wa kulipandisha tena kwenye basi. Thadeus alikuwa amesimama vile vile, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa.

Komeo likalia. Mwalimu alitoka macho yamekuwa mekundu, akaenda moja kwa moja kwenye kata, akainywa yote bila kupumzika, akaigeuza juu chini watu waone kwamba haikubaki hata tone. Vigelegele vilipanda hadi migombani. Leso za shangazi zilipata kazi nyingine.

"Meku, ulitutisha," alisema Mzee Fabian, sasa naye akinywa. "Kwani ulikwenda kuhakikisha jibu kitabuni?"

"Ndiyo," alisema Mwalimu. "Nilikwenda kuhakikisha."

Jani alilokwenda kuliangalia lilikuwa ndani ya misale yake, kitabu chake cha misa, pale pale alipolificha miaka miwili iliyopita, siku aliyolikata kwa wembe kutoka kwenye kamusi ya shule. Ila sasa pembeni palikuwa na maneno ya penseli, kwa mwandiko aliofundisha yeye mwenyewe: "Baba, Mkuu si mbali. Nitakuja kila Jumapili."